Shahidi wa Chuma Katika Bahari ya Ngomeni

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Garsen, ukapita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha ukakata kulia hadi Ngomeni, utafika mahali ambapo mikoko inakwisha na bahari inabaki wazi mbele yako. Huko majini yamesimama majukwaa mawili ya chuma. Moja ni la umbo la mstatili, linaitwa San Marco. La pili ni la pembetatu, linaitwa Santa Rita. Kati ya 1967 na 1988 roketi tisa za aina ya Scout ziliruka kutoka San Marco zikiwa zimebeba setilaiti, na zote tisa zilifika zilikotumwa. Tangu Machi 1988 hakuna roketi nyingine iliyopeleka setilaiti kutoka hapo. Chumvi na upepo wa kusi vinaendelea na kazi yao.

Nilisomesha fizikia katika shule za upili za pwani mpaka nikastaafu, na jioni nasomesha watoto madrasa mtaani kwetu Malindi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema, kwa yeyote anayekubali kunisikiliza, kwamba majukwaa yale yanastahili kulindwa kama kumbukumbu ya taifa, kwa hadhi ile ile tunayoipa Gede na Fort Jesus. Watu hudhani nasema hivyo kwa sababu ya fizikia. Fizikia imo, lakini sababu yangu ya kwanza ni ya dini.

Nianze na kilichotokea pale, maana bila hicho mjadala wote ni maneno matupu.

Mhandisi Mwitaliano Luigi Broglio alikuwa akitafuta mahali karibu na ikweta penye bahari wazi upande wa mashariki. Kwenye ikweta uso wa dunia huenda mashariki kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea huko huanza safari ikiwa tayari na mwendo ambao haikuulipia kwa baruti yake. Ngomeni ipo karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Mnamo 1962 Italia ilikubaliana na Wamarekani wa NASA: wao wangetoa roketi na mafunzo, Waitaliano wangejenga kituo. San Marco likawa jukwaa la kurushia, Santa Rita likawa la waongozaji, na kati yao yakawekwa maji ya karibu nusu kilomita ili lolote likitokea watu wapone.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, iliruka kutoka hapo setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo mia moja na arobaini na kitu. Aliyesimamia mradi ule alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya watu waliompokea. Kazi ya Uhuru ilikuwa kupima miale ya eksirei inayotoka angani. Hewa yetu huizuia miale hiyo isifike ardhini, na hiyo ni rehema, kwa sababu ingetudhuru. Lakini maana yake ni kwamba sehemu nzima ya mbingu ilikuwa imefichika machoni mwa binadamu tangu Adamu. Kabla ya hapo wanasayansi, akiwemo Riccardo Giacconi, walikuwa wakirusha roketi ndogo zilizochungulia juu kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa huko zaidi ya miaka miwili ikifanya kazi. Ilijizungusha polepole, takriban dakika 12 kwa mzunguko mmoja, ikipangusa anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha nyota inayopigapiga kila sekunde 4.8, na ikaonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kinabadilika haraka mno kiasi kwamba hakiwezi kuwa nyota ya kawaida. Wengine wakafuatilia kwa darubini za ardhini, na leo Cygnus X-1 inatajwa kuwa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Yote hayo yalianzia kwenye sakafu ya chuma ambayo mvuvi wa Ngomeni anaiona akiwa ndani ya ngalawa yake.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa baharia wa boti zilizopeleka watu na vifaa kwenye majukwaa. Kitambulisho chake cha kazi kipo kwangu sasa. Ni kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, pembe zake zimegeuka rangi ya majani makavu, na ndani yake yumo kijana aliyefungua kifungo cha juu cha shati, muhuri umekatiza sikio lake la kushoto. Hakusoma fizikia. Alijua maji, alijua kina, alijua lini bahari itakubali boti iegeshwe kwenye nguzo na lini itaikataa. Aliniambia jambo moja ambalo sijaliona limeandikwa popote. Ukiwa Ngomeni, qibla kiko karibu kaskazini tupu, kwa sababu Makka ipo takriban kwenye mstari ule ule wa longitudo na sisi. Kwa hiyo wafanyakazi Waislamu wakiswali kule, walielekea kaskazini, na roketi ikaelekea mashariki. Yeye aliona hilo ni jambo la kawaida kabisa, watu kila mmoja na mwelekeo wake juu ya chuma kimoja chenye majina ya watakatifu wa Wakatoliki. Mimi kila nikilifikiria naona ni historia ya pwani hii kwa ufupi.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Lilitoka kwa mwenzangu wa madrasa, ustadhi aliyenizidi umri na elimu.

"Mwalimu, na wewe umefika huko? Kuhifadhi vyuma?"

"Ustadhi, sisemi watu wavisujudie."

"Hakuna anayeanza kwa kusujudu. Watu huanza kwa kuzungushia ua. Kisha mtu akatia udi. Kisha mwingine akaleta nadhiri."

Alikuwa anasema ukweli, na kila aliyekulia pwani anaujua. Kuna makaburi na magofu ya misikiti kwetu ambako utakuta chupa za marashi, vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu zilizotupwa kwenye mihrabu iliyobomoka. Watu wamekwenda kuomba mahali badala ya kumwomba Mwenye mahali. Dini yetu ina haki ya kuwa na hofu juu ya mawe yanayopendwa kupita kiasi, na mtu anayetetea kumbukumbu bila kuigusa hofu hiyo hajaingia kwenye mjadala.

Lakini tazama ni wapi hasa chupa za marashi huwekwa. Huwekwa mahali ambapo hakuna anayejua tena nani alijenga, nani alizikwa, nini kilifanyika. Gede iliachwa na watu wake, msitu ukaifunika, na vizazi vya watu walioishi pembeni yake waliamini ni makao ya majini. Historia ilipoondoka, majini waliingia. Wanaakiolojia walipokuja wakachimba visima, vyoo, vipande vya vyungu vya Kichina, mji ukarudi kuwa mji: watu walikula hapa, walioga hapa, walipatana na kukosana hapa. Ni vigumu kuabudu mahali unapojua choo chake kilikuwa wapi. Ndiyo maana nilimjibu ustadhi kwamba kumbukumbu iliyoandikwa vizuri, yenye majina, tarehe, kazi na makosa ya watu, ni kinga dhidi ya kile anachokiogopa. Chuma kikiachwa kioze bila maelezo, kikabaki na nguzo tu zinazotoka majini, siku moja wajukuu zetu watasimuliana kwamba hapo palikuwa na kitu cha ajabu kisichojulikana. Na hapo udi utafika.

Hakukubali mara moja. Alisema kuzuia ubaya si sababu ya kutosha, nimletee wema wake. Nikamkumbusha jambo tunalowasomesha watoto wa darasa la kwanza la madrasa, kwamba siku ya Kiyama ardhi yenyewe itatoa habari za yaliyotendwa juu yake. Mahali ni shahidi. Sihitaji kusema kwamba mahali pana utukufu wake penyewe. Nasema tu kwamba pameona, na aliyeona hanyamazishwi. Yule anayebomoa au kuacha pabomoke kwa uzembe mahali palipoona jambo kubwa, ninamweka karibu na mtu anayeficha ushahidi. Na kilichoonekana pale ni nini? Ni kwamba binadamu waliofichiwa sehemu ya mbingu tangu kuumbwa kwao walifunguliwa kidogo pazia. Kama kutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi ni ibada, na sisi tunasema ni ibada, basi mahali ilipofanyika kwa vyombo na hesabu na subira hapawezi kuwa sawa na ghala lililokwisha kazi.

Kuna taasisi yetu wenyewe inayonisaidia kulifikiria hili kuliko neno lolote la wataalamu wa turathi, nayo ni wakfu. Mtu akiweka wakfu, anaifunga mali isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na manufaa yake yanaachiwa watu. Kutangaza mahali kuwa kumbukumbu ya taifa ni tendo la namna hiyo hiyo: umma unajifunga mikono usije ukakiuza kitu siku ya shida. Swali gumu la wanasheria wetu wa kale lilikuwa, vipi wakfu ambao manufaa yake yamekwisha? Msikiti uliohamwa, ukabomoka, haswali mtu? Wanazuoni wa Kihanbali waliruhusu uuzwe na thamani yake ipelekwe kwenye msikiti mwingine. Shafii, ambao ndio madhehebu ya pwani hii, walikaza: msikiti ukianguka, ardhi yake inabaki msikiti. Haiuzwi. Nimeupenda ukali huo tangu nikiwa mwanafunzi. Unasema kwamba hadhi ya mahali haitegemei kama leo pana kazi.

Wamarekani wameyapitia yote mawili, wakiwa hawana habari na Shafii wala Hanbali. Mnara uliosimama kando ya roketi ya Apollo 11, ule ambao wanaanga watatu waliupanda Julai 1969 kwenda mwezini, ulivunjwa mwaka 1983 kupisha kazi za vyombo vipya. Vipande vyake vikalazwa uwanjani miaka na miaka, wapenzi wake wakichangisha na kuandika barua, na mwaka 2004 vikaenda kuwa chuma chakavu. Ule ulikuwa uamuzi wa matumizi. Kwa upande mwingine, chumba cha Houston walimokaa waongozaji wa safari zile kilitangazwa mahali pa kihistoria pa taifa mwaka 1985, miaka 16 tu baada ya mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Hakikutunzwa vizuri baadaye, lakini hadhi yake haikuondolewa, na hatimaye kilikarabatiwa na kufunguliwa 2019. Katika ukarabati ule walitafuta vikombe vya kahawa vya wakati ule, visahani vya majivu ya sigara, majalada, hata zulia lifanane. Mwanzoni nilishangaa, sigara ina heshima gani? Kisha nikaelewa. Aliyeingia mle asione mitambo peke yake, aone pia kwamba hapa aliketi mtu mwenye wasiwasi, akivuta sigara baada ya sigara, akingoja sauti kutoka kilomita laki tatu na nusu na zaidi. Hicho ndicho chuma hakiwezi kusema chenyewe.

Kuna sehemu ya habari hii inayonisumbua, na sitaki kuipita kwa haraka.

Roketi zote za kupeleka vitu angani zina mababu. Huko White Sands, New Mexico, kuna uwanja wa kurushia uliotangazwa mahali pa kihistoria mwaka 1985, na roketi zilizoupa umaarufu zilikuwa V-2 za Wajerumani, zilizotekwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. V-2 ziliua watu London na Antwerp. Na kabla ya kuua huko, ziliua zikitengenezwa: wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora walifanyishwa kazi ndani ya mahandaki, njaa na maradhi na vipigo vikawamaliza, na jumla ya waliokufa katika kambi ile hukadiriwa kuwa watu 20,000. Baadhi ya wahandisi wa V-2 ndio waliojenga roketi iliyofika mwezini. Basi mtu mwenye dini afanye nini? Aseme mti wenye mzizi huo haufai kuhifadhiwa?

Mimi nasema unafaa zaidi. Shahidi haitwi mahakamani kwa sababu ni mtu mwema, huitwa kwa sababu alikuwepo. Peenemünde, zilikobuniwa roketi zile, leo ni makumbusho, na jengo lililozalisha umeme wa mauaji linawafundisha watoto wa Kijerumani jinsi akili kubwa inavyoweza kukodishwa kwa dhuluma. Mahali pale pakifukiwa, ushindi wa mwezini ungebaki kama hadithi safi isiyo na damu, na hiyo ingekuwa dhuluma ya pili juu ya wale waliokufa handakini. Kumbukumbu inayokubali kusema upande mmoja tu ndiyo inayogeuka sanamu. Hapo ndipo mimi na ustadhi tunakutana.

Na kwa hiyo siombi Ngomeni iwekewe bango la sifa. Kijana mmoja wa uvuvi aliniuliza, tukiwa tumekaa bandarini akishona wavu, "Mjomba, hayo majukwaa yalitupa nini sisi?" Nilimjibu kwamba swali lake liandikwe kwenye bango lenyewe, kwa herufi kubwa kama jina la Broglio. Mahali hapo palibeba setilaiti za Italia, za Marekani, hata ya Uingereza, Ariel 5, mnamo Oktoba 1974. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuangalia dunia, Taifa-1, iliruka Aprili 2023, na iliruka kutoka California. Watoto wa Ngomeni wana haki ya kujua yote mawili na kuuliza kwa nini.

Kuna wanaosema ni mali ya wageni, haituhusu. Fort Jesus iliamriwa na mfalme wa Ureno mwaka 1593, tena kwa ajili ya kututawala, na leo ni urithi wa dunia, na sijamsikia Mmombasa akitaka ibomolewe. Nguzo ya Vasco da Gama ipo hapa Malindi, tunawapeleka watalii. Katika ghuba hii hii ya Ngomeni wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa wamepiga mbizi kuchunguza mabaki ya meli ya karne nyingi zilizopita. Sasa niambie, chuma na mbao za wageni zikiwa chini ya maji ni urithi, na zikiwa juu ya maji ni takataka? Tofauti ni umri peke yake, na sheria yetu ya makavazi na turathi ya 2006 haikuweka umri kwa kumbukumbu za aina hii. Imeruhusu jengo la umri wowote, ikataja hata thamani ya kisayansi na ya kiteknolojia. Waliotunga sheria walikuwa wameona mbali kuliko sisi tunaosubiri mpaka vitu vife ndipo tuviheshimu.

Siku hizi dunia inajadili hata alama za nyayo zilizobaki mwezini. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa 2020 kuwataka wanaopewa kazi za kwenda huko wasivuruge mahali pa Apollo, ingawa mkataba wa anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi. Sina ubaya na hilo. Ila mwezini hakuna mvua wala kutu, nyayo zile zinaweza kungoja. San Marco haliwezi.

Tena chuma si kitu cha kwanza kinachopotea. Wale mabaharia, wapishi, mafundi wa kuchomelea, walinzi, madereva wa Ngomeni na Malindi waliokuwa vijana wakati Uhuru inaruka, waliobaki hai leo ni wazee wa miaka sabini na themanini. Mjomba wangu ameshatangulia, na alichojua juu ya kuegesha boti kwenye nguzo za San Marco wakati wa kusi kimekwenda naye, isipokuwa kile kidogo nilichowahi kumuuliza. Kutangaza kumbukumbu kunataka waziri, gazeti la serikali, makubaliano na Waitaliano ambao bado wanaendesha kituo cha nchi kavu. Kuandika majina hakutaki ruhusa ya mtu. Nimeanza na ustadhi, ambaye hadi leo hajakubali neno "kumbukumbu" lakini amekubali kushika daftari. Ijumaa baada ya swala tunakaa na wazee kwenye baraza ya msikiti, yeye anaandika, mimi nauliza: jina lako, jina la baba yako, ulifanya kazi gani kule, siku ya roketi ulikuwa umesimama wapi.